Nikifumba Macho, Giza Tupu!

Hebu fumba macho kidogo umfikirie mama yako. Umemwona? Basi shukuru. Mimi nikifumba naona giza tupu, kama televisheni iliyokatikiwa umeme.

Miaka yote nilidhani watu wakisema "namwona akilini" wanatia chumvi tu. Aliyenizindua ni mchumba wangu. Alikuwa Mwanza, akanipigia simu usiku: "Ukinikumbuka, unaniona nimevaa nini?" Nikamjibu ukweli kwamba simwoni kabisa. We! Simu ikakatwa. Akajua nina mwingine.

Nikaanza kuchimba. Kumbe hali hii inaitwa afantasia, jina lililotolewa mwaka 2015 na Profesa Adam Zeman wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, na wenzake. Ila yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1880 Francis Galton aliandika jinsi alivyowaomba watu waivute akilini meza waliyonywea chai asubuhi, na baadhi ya wanasayansi wakamwambia hawaoni kitu. Wala si uchizi. Ed Catmull, mmoja wa waanzilishi wa Pixar, wale wa filamu za katuni, naye hana picha kichwani!

Nikasema nitajifunza kwa nguvu. Kila usiku nalikodolea macho chungwa, nafumba, nalielezea kwa sauti: la mviringo, kijani, lina kovu pembeni. Mwenzangu wa chumba akaanza kunihofia. Wiki sita, patupu! Kuna waliodai wamefanikiwa, lakini hakuna mazoezi yaliyothibitishwa kwamba yanaleta picha hizo.

Kinachoniuma hasa ni mama. Alifariki mwaka 2016. Najua alikuwa na mwanya, najua alivyofunga kanga akienda sokoni, na kicheko chake naweza kukueleza hadi kesho. Sura haiji. Ila usingizini huja, maana wengi wetu ndoto tunaziona kama kawaida. Mara mbili nimemwona akichambua mchele, nikaamka nalia. Chungwa nimeshalila, siku hizi nalala mapema.

Na mchumba? Tulipatana, baada ya kumsomea habari zote hizi. Akanipa picha yake ndogo, iko kwenye pochi. Juzi akauliza tena kwenye simu amevaa nini. Nikaichomoa, nikachungulia.

"Blauzi ya njano," nikamwambia.