Uwanja wa Kambi ni wa Vijana Wote



Katika mashamba ya chai na miwa ya Uganda wamo wengi ambao wazazi wao walitoka mbali: West Nile, Kigezi, Rwanda. Kijana wa kabila lenye watu wachache kambini, akiwa pia mlemavu, hufungiwa milango miwili. Njia ya uwanjani ina mashimo, hapiti kwa magongo wala kwa kiti cha magurudumu. Na akifika, wenzake humwita mgeni. Jumapili wengine wakicheza, yeye huachwa kulinda nyumba.

Wako wanaosema tudai mshahara kwanza, mchezo ni anasa. Sisi tunadai vyote viwili. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ulipitishwa mwaka 2006, na Uganda iliuridhia mwaka 2008. Kifungu cha 30 kinasema walemavu washiriki michezo na mapumziko sawa na wengine, na watoto walemavu wacheze pamoja na watoto wenzao. Basi hii ni haki, si sadaka.

Mchezo gani? Jirani zetu wa Rwanda wametuonyesha voliboli ya kukaa. Wachezaji ni sita kila upande, wote wameketi chini, na hairuhusiwi kuinua makalio wakati wa kupiga mpira. Uwanja ni mita 10 kwa 6. Wavu una urefu wa mita 1.15 kwa wanaume na 1.05 kwa wanawake. Rwanda ilipeleka timu ya wanaume kwenye Michezo ya Walemavu ya London mwaka 2012, na ya wanawake Rio mwaka 2016. Katika timu ile ya London walikuwamo watu waliopigana vita pande mbili zilizo adui. Waliketi upande mmoja wa wavu.

Kwetu yatosha mpira, wavu na ardhi laini isiyo na mawe. Kila tawi lifanye mambo matatu. Kwanza, wajumbe wapite nyumba kwa nyumba kuandika vijana walemavu, bila kuuliza kabila. Pili, matengenezo ya njia ya uwanjani yaingizwe katika madai yetu kwa mwajiri. Tatu, timu zichanganywe: makabila yote, walemavu na wasio walemavu, kwani akiketi chini kila mtu hucheza kwa mikono.

Mtoto wa mwanachama ni mtoto wa chama. Umoja ni nguvu.