Kiyoyozi cha Gari Kinapovuja: Usilipie Gesi Kabla ya Kujua Inakopotelea

Magari mengi yanayotembea katika barabara zetu yaliingizwa nchini yakiwa yameshatumika kwa miaka kadhaa, aghalabu kutoka Japani. Kadiri gari linavyozeeka, mipira ya maungio hukauka, mabomba hulika, na kiyoyozi huanza kupuliza hewa ya vuguvugu. Hapo mlaji huambiwa: “Gesi imekwisha, tuongeze.” Katika makala haya tunaeleza kwa nini jibu hilo halitoshi.

Gesi haiishi kama petroli

Gesi ya kiyoyozi huzunguka katika mfumo uliofungwa. Kompresa huikandamiza, kondensa iliyo mbele ya rejeta huipoza hadi ikawa kimiminika, kisha hupanuka na kufyonza joto katika evapareta nyuma ya dashibodi. Haichomwi. Kupungua kidogo kwa miaka mingi ni jambo la kawaida; lakini gesi iliyojazwa leo ikipotea baada ya wiki chache, pana mahali panapovuja.

Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Kwa kiyoyozi, nafuu humwendea anayeuza gesi, na hasara humbakia mlaji. Aidha, oili inayolainisha kompresa husafiri pamoja na gesi. Gesi ikipungua, kompresa, ambayo ni miongoni mwa sehemu za bei kubwa, inaweza kuharibika.

Uchunguzi kwanza

Fundi makini hutafuta vumbi lililoshikana na oili kwenye maungio, kwenye kompresa, kwenye valvu za kujazia na kwenye kondensa, ambayo hupigwa na mawe ya barabarani. Anaweza kutumia povu la sabuni, kifaa cha kielektroniki cha kunusa gesi, au rangi inayong’aa chini ya taa maalumu. Evapareta ikishukiwa, omba uthibitisho kabla dashibodi haijafunguliwa, kwa kuwa kazi hiyo ni ndefu na gharama yake ni kubwa.

Maji safi yanayodondoka chini ya gari kiyoyozi kikiwa kimewashwa si dalili ya ubovu. Ni unyevu wa hewa uliopozwa.

Matengenezo yaliyokamilika

1. Sehemu inayovuja ibadilishwe pamoja na mipira yake.
2. Kikausha unyevu kibadilishwe, kwa kuwa hupoteza uwezo wake kinapokaa wazi hewani.
3. Hewa na unyevu vinyonywe kwa pampu, kisha fundi ahakikishe mfumo hauingizi hewa.
4. Gesi ipimwe kwa uzito ulioandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Kuzidisha ni kosa kama kupunguza.

Tunawatahadharisha walaji juu ya dawa za kuziba mvujo zinazomiminwa ndani ya mfumo: zinaweza kuziba njia za gesi na kuongeza gharama.

Aina ya gesi

Magari yaliyoundwa kabla ya katikati ya miaka ya 1990 yalitumia R-12, gesi inayoharibu tabaka la ozoni na iliyodhibitiwa na Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987. Yaliyofuata yalitumia R-134a, ambayo haiharibu ozoni lakini hupasha dunia joto zaidi ya mara 1,000 ya kaboni dioksidi ya uzito uleule. Ndiyo maana Marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016 yanalenga kupunguza gesi za kundi hilo. Gesi iliyobaki ivutwe kwa mashine, isiachiwe hewani.

Usikubali kamwe gesi ya kupikia katika kiyoyozi kisichoundwa kwa ajili yake. Evapareta ikivuja, gesi hiyo huingia ndani ya gari walimoketi abiria, na cheche moja yatosha kuiwasha.

Kabla ya kulipa

Omba makadirio ya maandishi yanayotaja sehemu inayovuja, aina ya gesi na uzito wake. Dai kurejeshewa kipuri kilichotolewa, dhamana ya maandishi, na risiti ya EFD. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji. Lakini asiye na risiti hupata shida kuthibitisha alichouziwa. Na ikiwa gharama imekuzidi kwa sasa, ni afadhali kukizima kiyoyozi na kufungua madirisha kuliko kununua gesi itakayotoweka tena.