Runinga ya Chogo: Usianze na Bisibisi

Ndugu msikilizaji, jioni moja juma lililopita mtoto wa jirani alikuja mbio kuniita. Runinga yao ilikuwa imezimika ghafla. Nilipofika nilimkuta baba yake ameilaza kifudifudi juu ya mkeka, bisibisi mkononi, tayari ameshatoa skrubu mbili. Nilimsihi aiweke chini kwanza. Tulipofungua plagi tukaona waya mmoja umechomoka. Ilikuwa kazi ya dakika tano tu.

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu runinga hizi za zamani, zile tunazoziita za chogo. Runinga ilianza Zanzibar mwaka 1973 na Tanzania Bara mwaka 1994, na kwa miaka mingi hizi ndizo zilizokaa sebuleni mwetu. Wengi wamekwishahamia kwenye zile bapa, lakini za chogo bado zipo majumbani, na kwa kuwa zimezeeka, huugua mara kwa mara. Je, mwenye nyumba afanye nini mwenyewe, na aishie wapi?

Jibu ni fupi. Yaliyo nje ya boksi ni yako. Yaliyo ndani ni ya fundi.

Tuanze na runinga isiyowaka kabisa. Chomeka redio au taa kwenye soketi ile ile uone kama umeme upo. Kama upo, chomoa plagi ya runinga, ifungue, utazame nyaya na fyuzi. Fyuzi ikiwa imeungua, weka nyingine ya kiwango kile kile. Usiifunge kwa karatasi ya sigara wala kipande cha waya, maana fyuzi hukatika ili nyumba isiungue. Ukiweka mpya nayo ikakatika papo hapo, ishia hapo. Hitilafu iko ndani.

Pengine runinga inawaka, lakini inaonyesha chenga tupu au kioo cha buluu. Huo mara nyingi si ugonjwa wa runinga. Mitambo ya analojia ilianza kuzimwa nchini Tanzania tarehe 31 Desemba 2012, kwa kuanzia na Dar es Salaam, na runinga ya chogo haiwezi kunasa matangazo ya dijitali bila king'amuzi. Kama king'amuzi unacho, kagua nyaya zake: wa njano huleta picha, mwekundu na mweupe huleta sauti. Kisha tumia rimoti kuchagua AV. Usije ukauza runinga nzima kwa bei ya chuma chakavu.

Ukiona madoa ya kijani au zambarau pembeni mwa kioo, tazama kama kuna spika kubwa karibu. Sumaku ya spika huvuruga rangi. Isogeze mbali, zima runinga kwa swichi yake kubwa, iache nusu saa ipoe, halafu iwashe. Runinga ya rangi ina koili ya kufuta usumaku, nayo hufanya kazi pale inapowashwa ikiwa imepoa. Huenda ukarudia mara mbili tatu.

Lakini picha ikijikunja ikawa mstari mmoja mweupe katikati ya kioo, zima mara moja, kwani mwanga wote unaokusanyika mahali pamoja unaweza kuunguza kioo. Ukisikia harufu ya kuungua au ukiona moshi, kata umeme na chomoa plagi. Usimwagie maji. Hapo mwite fundi.

Sasa, kwa nini nasema usifungue? Umeme wa nyumbani ni volti 230. Ndani ya runinga kuna kapasita kubwa inayohifadhi volti zaidi ya 300. Bomba la kioo, hilo lenye chogo, katika runinga ya rangi hufikia volti 20,000 hadi 30,000. Jambo la hatari zaidi ni kwamba umeme huo unaweza kubaki humo hata baada ya kuchomoa plagi. Mtu hujiambia, "Nimekwishachomoa, niko salama," kumbe sivyo. Fundi aliyesomea kazi yake huanza kwa kuuondoa umeme huo kwa vifaa maalumu kabla hajagusa kitu kingine. Zaidi ya hayo, bomba hilo halina hewa ndani. Likivunjika, vipande vya kioo huruka. Kioo chenyewe kina madini ya risasi, kwa hiyo runinga iliyokufa wasipewe watoto waipasue kutafuta shaba.

Kuna mambo madogo yatakayoipunguzia runinga yako ugonjwa. Kitambaa cha kufuma kinapendeza, lakini kisizibe matundu ya kupitishia hewa. Futa vumbi kwa nje kwa kitambaa kikavu. Umeme ukikatika, chomoa plagi, maana ukirudi huweza kurudi na nguvu kupita kiasi. Na radi zikianza, chomoa plagi na antena pia.

Ndugu msikilizaji, jirani yangu alibakiza skrubu chache tu kabla ya kuingiza mkono mahali asipopajua, tena mwanawe amesimama kando akitazama. Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Gharama ya fundi inauma, lakini runinga huweza kununuliwa nyingine. Baba hanunuliwi.

Hadi juma lijalo, kwaherini.