Kuvunjika kwa Koleo Jangwani

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali hiyo ilipata ushahidi Januari 2021, katika jangwa la Saudi Arabia.

Mbio za Dakar, zilizoanzia Paris mwaka 1978, si mbio za lami. Waendesha pikipiki hupita mchangani na mawemawe kwa karibu wiki mbili. Jioni hufika kambini, mafundi wakavitengeneza vyombo vyao. Lakini zipo hatua mbili zinazofuatana, ziitwazo marathoni, ambazo usiku wa kati yake fundi haruhusiwi kushika hata spana. Kilichoharibika utakitengeneza mwenyewe.

Toby Price wa Australia, bingwa wa mwaka 2016 na 2019, aliingia kambini usiku wa namna hiyo tairi lake la nyuma limechanika. Alilifunga kwa utepe wa gundi na vile vikanda vya plastiki vya kubania nyaya. Asubuhi akaondoka nalo, na hatua hiyo akaimaliza akiwa wa pili.

Kesho yake alianguka, akavunjika mtulinga, akachukuliwa kwa helikopta. Mbio zikamwishia hapo.

Je, kazi ya usiku ule ilipotea bure? Sidhani. Tairi hufungwa, safari ikaendelea. Mfupa hutaka daktari. Ushujaa si kukaza roho tu, bali pia kujua lipi la kufunga kamba na lipi la kusalimu amri.