Mchanga Mweupe wa Watamu na Jicho la Mkulima

Mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Watu wa Ziwa, katika nchi ya Uasin Gishu, wamezoea safari za shughuli: kupeleka mahindi sokoni, kwenda Eldoret kununua mbolea, au kumtazama mgonjwa. Safari ya kwenda pwani kutazama bahari tu huonekana kwa wengi kuwa ni ya bure. Walakini mkulima aendaye Watamu huku akitumia macho yake vizuri ataokota jambo liwezalo kumfaa hata shambani kwake.

Njia ni ndefu. Mji wa Eldoret uko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 2,000, na kutoka huko mpaka Mombasa ni kilometa 800 hivi. Msafiri hupanda basi mpaka Nairobi, kisha huendelea kwa basi au kwa treni ya reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017. Mombasa hushika gari la kuelekea Malindi, huvuka daraja la Kilifi lililofunguliwa mwaka 1991, mahali ambapo zamani magari yalivushwa kwa kivuko, hupita kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, na penye Gede huiacha barabara kuu na kushika njia ya kuume.

Watamu palikuwa kijiji cha wavuvi kabla ya kuwa mji wa wageni. Pwani yake imekatwa katika ghuba zinazofuatana, na mbele yake mwamba wa matumbawe umesimama baharini mfano wa boma. Mawimbi makubwa hupasuka huko nje, na yale yaingiayo ghubani huwa yamekwisha nguvu. Asubuhi mapema pwani huwa kimya: mchanga mweupe kama unga wa sembe umetandazwa mpaka upeo wa macho, mivinje yavuma kwa upepo, na wavuvi watengeneza nyavu zao. Maji yakipwa, mtu aweza kuvifikia kwa miguu visiwa vidogo vya mawe, ambavyo bahari imevila chini hata vikafanana na uyoga. Bali asisahau saa, kwa maana wakati wa bamvua maji hupanda kwa zaidi ya mita 3, nayo hayamngoji aliyezubaa.

Jambo la kwanza la kumstaajabisha mkulima ni mchanga wenyewe. Mchanga wa mito ya bara ni mawe yaliyosagwa na maji. Mchanga wa Watamu, kwa sehemu kubwa, ni mabaki ya viumbe vya baharini: makombe, mwani wenye chokaa, na matumbawe. Yuko samaki aitwaye pono, mwenye meno magumu mfano wa mdomo wa kasuku. Huyu huguguna mwamba ili apate chakula, na kile asichokihitaji hukitoa kikiwa mchanga. Basi pwani ile ni mavuno ya mwamba, kama gunia la mahindi lilivyo mavuno ya shamba. Shamba likifa, ghala haijai tena.

Mwaka 1968 sehemu za bahari ya Malindi na Watamu zilitengwa kuwa hifadhi za taifa, na ndani yake ni marufuku kuvua samaki au kung'oa matumbawe. Ulinzi huo ni mwema, lakini hauzuii kila baya. Mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi, na matumbawe mengi ya pwani ya Kenya yakageuka meupe na kufa.

Jambo la pili huonekana kwa kulinganisha. Mbele ya Watamu upande wa kaskazini uko mji wa Malindi, na kupita mji huo Mto Sabaki huingia baharini. Mto huu ndio ule ule uitwao Athi karibu na Nairobi, na Galana katika nyika ya Tsavo. Wakati wa mvua hushuka mwekundu kwa udongo wa mashamba ya bara, na upepo wa kaskazi ukivuma, tope husukumwa mpaka Malindi, maji yakawa ya rangi ya kahawia. Ghuba za Watamu zimesalimika zaidi kwa kuwa ziko mbali na mlango wa mto huo, na hori la Mida lililo karibu nazo haliingiwi na mto wowote.

Tumbawe huongeza tabaka kila mwaka, kama mti. Mwaka 2007 wataalamu walitangaza habari za tumbawe la Malindi lenye kumbukumbu ya miaka 300 hivi. Katika tabaka zake walisoma alama za udongo ulioletwa na mto, wakaona kwamba uliongezeka tangu mwanzoni mwa karne ya 20, wakati nchi ya bara ilipoanza kulimwa kwa wingi. Mtu aliyelima mteremko bila matuta hakujua kwamba kosa lake liliandikwa baharini.

Jambo la tatu hutukia usiku. Kasa jike hupanda pwani, huchimba shimo, hutaga mayai 100 au zaidi, huyafukia, kisha hurudi majini. Baada ya miezi 2 hivi watoto hutoka na kufuata mwanga, kwa kuwa usiku bahari hung'aa kuliko nchi kavu. Taa za majumba huwapotosha, nao hufa kabla ya kuonja maji. Tangu mwaka 1997 kiko chama Watamu cha kulinda viota hivyo, na mvuvi amnasaye kasa kwa bahati mbaya hukiita, kasa akaachiliwa, naye mvuvi akapewa fidia ya taabu yake.

Yafaa mgeni ajue haki yake pia. Kwa Katiba ya mwaka 2010, ardhi iliyo baina ya maji kujaa na maji kupwa ni mali ya umma. Mtu wa Ziwa hatembei pale kwa hisani ya mwenye hoteli. Lakini mali ya wote huharibika upesi ikiwa kila mmoja angoja mwenziwe ailinde. Kwa hiyo asichukue makombe, asikanyage matumbawe, wala asiache takataka.

Mvua inyeshayo Ziwa haifiki Watamu. Hushuka kwa Mto Nzoia mpaka Ziwa Victoria. Huko nako wako wavuvi. Mkulima aachaye majani kando ya kijito, na alimaye kwa kuukingama mteremko, huwatendea wavuvi hao wema ambao wale wa Malindi waliukosa.