Ngazi ya Tabaka la Kati (3): Nani Anamudu Kusubiri?

Wiki iliyopita tulimtazama mtoto anayesoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba, kisha akakutana na Kiingereza kidato cha kwanza. Leo tumfuate aliyevuka hapo. Ana shahada ya ualimu aliyoisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB), na ukoo mzima unamtegemea.

Kinachomkwamisha sasa ni kusubiri. Ajira za walimu hutangazwa kwa vipindi, waombaji ni wengi kuliko nafasi, na katikati ya hapo anaambiwa ajitolee. Anafundisha hisabati katika shule ya kata, anasahihisha madaftari usiku, na mwisho wa mwezi anapewa nauli iliyotoka kwenye michango ya wazazi, kama wamechanga. Mhitimu mwenzake aliyezaliwa Masaki anaweza kujitolea ofisini hata miaka miwili, maana anakula na kulala kwa baba yake. Mtoto wa mkulima wa Kasulu atajitoleaje Dar es Salaam, ambako mwenye nyumba wa Mbagala anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo kabla hajatoa ufunguo? Ndiyo maana tangazo la kazi linalodai uzoefu wa miaka mitatu naliona linachuja watu kwa mifuko ya wazazi wao, hata kama aliyeliandika hakukusudia hivyo.

Wengi huishia kwenye bodaboda ya mkataba. Kila jioni hesabu ya tajiri lazima itimie, iwe mvua au jua, hadi muda uishe na pikipiki iwe yake. Akivunjika mguu katikati, hesabu inasimama, na nyumbani wanakimbilia mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa.

Hata akiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wa msingi inarudi HESLB. Serikali iliifuta mwaka 2021 ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, na ilifanya vema sana. Lakini kinachobaki mkononi ndicho kinachosomesha wadogo zake na kununua dawa za mama. Akiba ya kiwanja itatoka wapi?

Shule inayomtegemea mwalimu wa kujitolea kwa vipindi vya kila siku imekwisha kumwajiri kwa vitendo. Halmashauri impe mkataba wa maandishi, imlipe posho inayotosha pango na chakula, na miezi hiyo ihesabiwe kuwa uzoefu kamili.

Wiki ijayo: ugonjwa mmoja unavyoirudisha familia chini.