Kompyuta za kuunga: alama ipi inalipa kwa ofisi ndogo ya Kiruruma?

Steshenari, SACCOS au chama cha msingi cha kahawa kikitaka kubana matumizi, humpa fundi kazi ya kuunga kompyuta: kesi mpya, mazabodi ya duka jingine, RAM na diski za mtumba. Bei inashuka kweli. Kazi huja siku ya kuhesabu mali. Dell au HP hutoka kiwandani na namba yake, imebandikwa kwenye kesi na imehifadhiwa ndani ya mashine pia. Ya kuunga haina. Fungua PowerShell, andika Get-CimInstance Win32_BIOS, na mahali pa namba mara nyingi utakuta “To be filled by O.E.M.” au “Default string”. Nafasi ya namba ipo, ila aliyeiunga hakuijaza.

Hasara yake ni ya fedha taslimu. Mashine ikienda kwa fundi na RAM ya GB 8 ikarudi na GB 4, utamdai kwa karatasi gani? Kwa hiyo kabla ya kulipia alama yoyote ya kutambulisha mashine, uliza: inalinda kasha tu, au na vilivyomo?

Kalamu ya wino usiofutika na daftari. Hakuna njia rahisi kuliko hii, na kwa mashine mbili tatu inatosha. Udhaifu wake ni kwamba maandishi hufifia kwa mikono na vumbi, na mfuniko wa kesi ukibadilishwa namba inaondoka nao. Andika kwenye fremu ya ndani pia.

Stika za kuchapisha. Karatasi moja ya A4 yenye stika 24 inatosha ofisi ya mashine 12: moja kwenye kesi, moja kwenye skrini yake. Printa unayo tayari, na programu za kutengeneza msimbo wa QR zipo za bure. Stika ya karatasi haivumilii vumbi letu jekundu, basi ifunike kwa selotepu pana inayoonyesha. Msimbo ubebe namba ya mali peke yake. Bei na jina la mtumiaji vibaki kwenye rejista.

Kibati cha alumini kilichochongwa. Hudumu miaka mingi, lakini utalipia kuchonga na pengine usafiri hadi Bukoba au Mwanza. Zaidi ya hapo kinalinda kesi, ambayo ndiyo sehemu rahisi kuliko zote kununua upya. Kwa mashine za kuunga, fedha hiyo inafaa kwingine.

Programu. Snipe-IT na GLPI ni za bure ukiziweka kwenye kompyuta yako. Kwenye Snipe-IT vifaa unaviingiza mwenyewe. GLPI ina kiwakala kinachosoma RAM, diski na mazabodi na kupeleka taarifa chenyewe. Gharama iko pembeni: mashine ya kuihifadhi, umeme wa uhakika na mtu wa kuitunza. Tena kuna mtego. Baadhi ya mazabodi za bei nafuu hutoka na namba moja ya utambulisho (UUID), 03000200-0400-0500-0006-000700080009, na mashine mbili zinaweza kusomeka kama moja. GLPI ina orodha ya kuzuia namba za namna hiyo. Hakikisha ya mashine zako imo.

Ushauri wangu: chini ya mashine 30, nunua stika na tumia jedwali la Excel au LibreOffice. Zikizidi hapo, au zikiwa vituo viwili, GLPI inaanza kurudisha gharama yake. Kwa vyovyote vile, namba ya mali iwe ya kesi, na chini yake ziandikwe namba za kiwandani za mazabodi, diski na RAM. Tenga robo saa kwa kila mashine. Mashine 12 ni saa tatu, siku moja tulivu kabla msimu wa kahawa haujaanza.

Weka pia bei ya kila kifaa na picha ya risiti ya EFD. Mashine ya kuunga haina risiti moja, kwa hiyo thamani yake ni jumla ya risiti za vifaa. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inaweka kompyuta kwenye daraja la uchakavu la asilimia 37.5 ya thamani iliyobaki: ya shilingi 1,000,000 inahesabiwa 625,000 baada ya mwaka wa kwanza na 390,625 baada ya wa pili. Bila risiti, hesabu hiyo huna pa kuianzia.

Mwisho, weka sharti moja lisilo na gharama: mashine haitoki ofisini kwenda kwa fundi bila karatasi yenye namba za vifaa vilivyomo, iliyosainiwa na wote wawili, na hairudi mezani kabla kesi haijafunguliwa na namba hizo kusomwa tena. Ofisi isiyoweza kulisimamia sharti hilo isinunue programu wala kibati, kwa sababu itakuwa inalipia alama za makasha tu.